Jiwe Lilihifadhiwa, Mti Ukalipuliwa

Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ilitangaza magofu ya Gede, kusini mwa Malindi, kuwa mahali pa kihistoria pa kuhifadhiwa. Miaka 13 kabla ya hapo, Agosti 1914, serikali hiyohiyo ilikuwa imeilipua kwa baruti Kaya Fungo, kitovu cha ibada na baraza la Wagiriama. Leo Gede na Kaya Fungo zote zimo katika kaunti moja, Kilifi. Kilichozitenganisha machoni mwa watawala ni kwamba Gede ilijengwa kwa mawe, na Kaya Fungo ikajengwa kwa miti, nyasi na msitu wenyewe.

Historia ya sanaa na ujenzi wa pwani hii haieleweki bila tofauti hiyo. Kwa muda mrefu jiwe limehesabiwa kuwa ustaarabu na mti ukaitwa ushenzi, ilhali fundi wa jiwe na fundi wa mti walikuwa majirani, na kazi zao zimeingiliana kuliko vitabu vya zamani vilivyokubali.

Mti ndio uliopima chumba

Gede iliinuka yapata karne ya 12, ikanawiri katika karne ya 15, na mwanzoni mwa karne ya 17 wenyewe wakaihama. Ukuta wake wa nje unazunguka eneo la hekta 18 hivi: msikiti mkuu, jumba la mtawala, nyumba za matajiri, visima na makaburi. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kufukua hapo mwaka 1948, akashika kazi hiyo kwa miaka kumi. Nyumba alizipa majina kwa vitu alivyovikuta ndani: ya Mkasi, ya Bakuli la Kauri, ya Taa ya Chuma, ya Shanga ya Venice. Mji ulikuwa umejitenga na ufuo kwa kilomita kadhaa, lakini biashara yake ilifika Uchina, Bara Hindi na Ulaya.

Mafundi wake walitumia mawe ya aina mbili, yote ya matumbawe. Kuta zilipandishwa kwa mawe ya kuchimba nchi kavu, vipande visivyo na umbo maalumu, vikashikanishwa kwa chokaa. Kwa mihirabu, vizingiti na fremu za milango walikata matumbawe mabichi kutoka baharini. Yakiwa bado na maji hukatika kama muhogo. Yakishakauka huwa magumu na kushika kila mstari aliouchonga fundi. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe hayohayo: yalipangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa mpaka yakageuka unga mweupe, yakamwagiwa maji, kisha yakaachwa yaive kabla ya kuchanganywa na mchanga.

Dari ilibebwa na boriti za mikoko, miti ambayo hori la Mida, jirani na Gede, bado linaiotesha. Boriti ya mkoko ina kikomo chake: ikizidishwa urefu haistahimili uzito wa mawe na chokaa juu yake. Ndiyo sababu vyumba vya Gede ni virefu lakini vyembamba, upana wake aghalabu hauzidi mita 3. Hata ndani ya nyumba ya mawe, mti ndio uliopima chumba.

Na mti ndio uliotangulia. Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe katika miaka ya 1980 akakuta mabaki ya misikiti mingine, mmoja chini ya mwingine, ya awali kabisa ikiwa ya miti na udongo ya karne ya 8. Jiwe lilikuja kukalia msingi uliokwisha kuwekwa na wajenzi wa mti. Ugunduzi huo, pamoja na kazi ya wataalamu Wakenya kama George Abungu na Chapurukha Kusimba, uliipangua hadithi ya kikoloni kwamba miji ya pwani ilishushwa ikiwa kamili kutoka Uarabuni na Uajemi.

Gede kwenyewe, raia wengi hawakulala ndani ya mawe. Nyumba zao za udongo na makuti zilijaza nafasi baina ya majumba ya wakubwa. Zimeoza zote, na mgeni anayepita leo huona uwanja mtupu akadhani palikuwa wazi tangu zamani.

Katika Msikiti Mkuu kuna jambo la kutazamwa kwa makini. Juu ya mlango mmoja, pembeni mwa tao, pamechongwa ncha ya mkuki yenye bapa pana. Si aya wala ua. Ni silaha ya mtawala kama ijulikanavyo kwa jamii nyingi za Afrika Mashariki, nayo imewekwa mahali ambapo kila anayeingia kuswali atapita chini yake.

Makaburi yenye minara

Kazi ambayo pwani yetu haikuiazima popote ni kaburi la mnara: boma la kaburi lililorembwa, na nguzo ya mawe ikisimama juu yake. Uarabuni, kulikotoka dini ya waliozikwa humo, hakuna desturi hiyo. Malindi inayo makaburi ya namna hii kando ya Msikiti wa Ijumaa. Yako mengine Gede, na Mnarani, ng'ambo ya kusini ya hori la Kilifi, ambako pia mihirabu ya msikiti ilichongwa maandishi ya Kiarabu kwa ustadi usio na mfano katika eneo hili.

Gede lipo kaburi lililoandikwa mwaka wa 802 Hijria, yaani 1399 Miladi. Tarehe hiyo moja iliwapa watafiti pa kushika walipokuwa wakihesabu umri wa mji. Mambrui, kaskazini ya mto Sabaki, mnara wa kaburi ulipambwa kwa bakuli za kauri za Kichina zilizopachikwa ndani ya chokaa. Bakuli iliyosafiri kutoka Uchina haikuwekwa mezani. Ilipewa maiti, iwaoneshe wapitao kuwa aliyelala hapo alikuwa mtu wa watu.

Uhusiano huo na Uchina una ushahidi mwingine. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa Uchina twiga, na mwaka 2010 wanaakiolojia wa China na Kenya waliochimba Mambrui walipata sarafu ya shaba ya enzi ya Yongle, mfalme aliyempokea mnyama huyo.

Msalaba ufuoni

Baharia Mreno Vasco da Gama alitia nanga Malindi Aprili 1498. Mombasa ilikuwa imempokea kwa uadui. Malindi, iliyokuwa na ushindani wa siku nyingi na Mombasa, ikamkaribisha na kumpa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Kumbukumbu ya urafiki huo ni msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Lisbon, wenye nembo ya Ureno, ambao leo umesimama juu ya mnara mweupe kwenye rasi ya Malindi. Pembeni kidogo mwa mji kuna kanisa dogo la Wareno lililoezekwa kwa makuti. Francis Xavier, mmisionari aliyekuwa akielekea Goa, alipita Malindi mwaka 1542 na kumzika hapo baharia mmoja.

Ukilitazama kanisa hilo utaona kwamba Mreno naye, licha ya mizinga yake, alijenga kama wenyeji: kuta za matumbawe, paa la makuti. Ujenzi mkubwa aliupeleka kwingine. Mwaka 1593 Wareno walianza Ngome ya Yesu mjini Mombasa, na mtawala wa Malindi, rafiki yao, akahamishiwa huko. Malindi ilidhoofika mpaka karibu kufutika. Ilifufuliwa katika miaka ya 1860 chini ya Sultani Majid wa Unguja, kwa jasho la watumwa waliolimishwa mashamba ya nafaka. Mwishoni mwa karne ya 19 majengo ya ghorofa yenye nguzo na baraza yalianza kuupamba ufuo. Mojawapo, Nyumba ya Nguzo, lililojengwa na mfanyabiashara wa Kihindi, lilipata kuwa hospitali na sasa ni makumbusho ya mji.

Kaya na vigango

Wakati miji ya mawe ilipokuwa ikipanda na kushuka, Wamijikenda, ambao Wagiriama ni miongoni mwao, walikuwa na miji yao ndani ya misitu. Kaya ilizungushiwa boma la miti, ikawa na njia chache za kuingilia, malango yake yakalindwa na fingo, kinga iliyozikwa ardhini, na katikati pakawa na uwanda wa baraza la wazee. Nyumba zilikuwa za fito na nyasi. Msitu uliozizunguka haukuwa pori lililosazwa. Ulikuwa ukuta, na kukata mti humo bila ruhusa kulikuwa kosa kwa walio hai na waliokufa.

Sanaa kuu ya Wagiriama ni kigango. Huchongwa kutoka gogo la mti mgumu unaoshindana na mchwa, na hukumbukwa kwacho mzee wa chama cha Gohu, ambacho mtu alikiingia kwa mali na karamu. Kichwa huwa duara bapa lenye macho na mdomo uliodokezwa tu. Kuanzia shingoni kwenda chini fundi hukata pembetatu ndogondogo, safu juu ya safu, kwa ncha ya kisu, kisha huzipaka nyekundu, nyeupe na nyeusi. Kikisimikwa hufungwa vitambaa shingoni na kumwagiwa pombe ya mnazi, na marehemu huzungumzwa naye kama mkubwa wa nyumba.

Kaburi la mnara na kigango hufanya kazi ileile: kumsimamisha mwenye hadhi baada ya kulala. Kimoja ni cha Mwislamu wa mjini, kingine cha mzee wa bara aliyemletea huyo wa mjini nafaka na pembe za ndovu. Sidai kuwa kimoja kimemzaa mwenzake. Lakini wasanii waliokaa karibu hivyo kwa karne nyingi hawawezi kuandikwa kama watu wasiojuana.

Utawala wa Kiingereza uliigusa kaya kwa sababu za kodi na vibarua. Mwaka 1913 mwanamke wa Kigiriama, Mekatilili wa Menza, aliwaapisha Wagiriama Kaya Fungo, wanawake kwa kiapo chao na wanaume kwa chao, wasitoe vijana wao kwa serikali. Alikamatwa akapelekwa Kisii pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola. Watawala walielewa vizuri kuwa jengo lile la miti lilikuwa bunge, msikiti na makumbusho kwa pamoja. Ndiyo maana hawakutosheka na kulifunga. Walilitia baruti.

Biashara ya waliokufa

Baada ya vita vya Wagiriama na Waingereza vilivyofuata mlipuko huo, wengi hawakurudi kuishi ndani ya kaya, na vigango vikabaki mashambani, kwenye miji iliyotawanyika. Utalii wa Malindi na Mombasa uliposhamiri katika miaka ya 1970, vilianza kung'olewa usiku na kuuzwa madukani, kisha vikavuka bahari.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kilifi akiwa mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Aliporudi na picha, vigango havikuwapo. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu huko Marekani, aliona picha iliyooneshwa na mwenzake Linda Giles akakitambua kimoja: kilikuwa katika makumbusho huko Illinois. Cha pili kilipatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vyote viwili vilirudishwa kwa familia mwaka 2007. Makumbusho ya Denver nayo ilikubali mwaka 2014 kurejesha vigango 30, mzigo uliochukua miaka kufika kwa mabishano ya gharama na ushuru.

Ufilipino ina kisa kinachofanana. Makanisa ya mawe yaliyojengwa enzi ya Wahispania yaliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1993, huku bulul, sanamu za mti ambazo Waifugao huziweka kulinda mpunga, zikizagaa mikononi mwa wakusanyaji wa kigeni. Huko nako kazi ya mtawala ilipata mlinzi, na kazi ya mkulima ikapata mnunuzi.

Kulinda si namna moja

Kwetu mizani imeanza kusawazika. Misitu ya kaya iliingizwa katika orodha hiyo ya dunia mwaka 2008, na Gede ikafuata 2024. Safari hii mti umetangulia jiwe, na Kenya inayo sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inayoweza kuvisimamia vyote viwili.

Hata hivyo sheria ikiongozwa na fikra za jiwe itaukosea mti. Ukuta wa Gede unahifadhiwa usianguke. Unatiwa chokaa, unaegemezwa, unakatiwa mizizi. Kigango hakihitaji hayo. Aliyekichonga alikusudia kisimame hapohapo mpaka mvua na mchwa wakimalize, maana kikihamishwa, marehemu hana pa kukaa. Kukifungia katika kabati la kioo Nairobi ni afadhali kuliko Denver, lakini bado si kukilinda.

Kinacholindwa hapa ni mahali na watu wake: shamba lisiuzwe pamoja na kilichosimikwa ndani yake, mnunuzi ashtakiwe kama mwizi, na mzee ajuaye kuchonga na kuomba aishi salama. Kilifi, ambako wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi nyuma yake pakiwa na tamaa ya ardhi, hili la mwisho ndilo la kwanza. Gofu likikosa mlinzi litasubiri karne nyingine. Mzee akiuawa, kazi yake haina mwanaakiolojia atakayeifukua.