Vidonge vya kipandauso

Vidonge vya kipandauso ni dawa za kumeza zinazotumika ama kutuliza shambulio la kipandauso (pia: kipanda uso) ama kupunguza idadi ya mashambulio hayo. Baadhi yake, kama vile parasetamoli na ibuprofeni, huuzwa bila cheti cha daktari. Nyingine, hasa triptani, ergotamini na dawa za kinga, hutolewa kwa cheti katika nchi nyingi, kwa kuwa zinagusa moja kwa moja mishipa ya damu, moyo au ubongo. Makala hii inahusu hasa kundi hilo la pili, lakini dawa za kawaida haziwezi kuachwa kando, maana wagonjwa wengi huzitumia zote pamoja.

Kutambua ugonjwa kwanza

Si kila maumivu makali ya kichwa ni kipandauso. Maumivu ya kipandauso kwa kawaida hupigapiga, mara nyingi upande mmoja wa kichwa, huzidi mtu anapotembea au kupanda ngazi, na hudumu kati ya saa 4 na 72 yasipotibiwa. Huambatana na kichefuchefu au kutapika, au mgonjwa hashindani na mwanga na kelele, akatafuta chumba chenye giza alale. Baadhi ya wagonjwa hutanguliwa na aura, yaani dalili za muda kama kuona vimulimuli au mistari ya kupindapinda, ganzi mkononi na usoni, au ulimi kuwa mzito. Aura hudumu dakika 5 hadi 60, kisha maumivu hufuata.

Kipandauso hakileti homa. Mtu mwenye maumivu ya kichwa pamoja na joto la mwili anahitaji kupimwa malaria, na ikiwa shingo imekakamaa anapaswa kufikishwa hospitali mara moja kwa sababu huenda ni homa ya uti wa mgongo. Vivyo hivyo maumivu yaliyoanza ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja, maumivu yaliyofuata pigo la kichwani, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au maumivu ya aina mpya kwa mtu aliyevuka miaka 50. Kumeza kidonge cha kipandauso katika hali hizo hupoteza muda, na kidonge kikiwa triptani kinaweza kudhuru.

Dawa za kwanza

Kwa shambulio jepesi au la wastani, aspirini ya miligramu 900 hadi 1000, ibuprofeni ya miligramu 400 au parasetamoli ya miligramu 1000 kwa mtu mzima huweza kutosha. Tatizo ni kwamba wakati wa shambulio tumbo hupunguza kasi ya kazi yake, hivyo kidonge kilichomezwa kwa kuchelewa hukaa tumboni bila kufyonzwa. Ndiyo maana daktari huongeza mara nyingine metoklopramidi au domperidoni, ambazo huzuia kutapika na kusukuma dawa kuelekea utumbo mwembamba. Aspirini haipewi watoto walio chini ya miaka 16, wala watu wenye vidonda vya tumbo. Parasetamoli haipaswi kuzidi gramu 4 kwa saa 24, na hesabu hiyo inajumuisha parasetamoli iliyofichika katika dawa za mafua.

Triptani

Triptani ni dawa zilizobuniwa mahususi kwa ajili ya kipandauso. Ya kwanza ni sumatriptani, iliyotokana na utafiti ulioongozwa na Patrick Humphrey katika kampuni ya Glaxo nchini Uingereza na kuanza kuuzwa mwaka 1991. Nyingine ni zolmitriptani, naratriptani, rizatriptani, almotriptani, eletriptani na frovatriptani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumatriptani katika orodha yake ya dawa muhimu.

Dawa hizi hujishikiza kwenye vipokezi vya serotonini aina ya 5-HT1B na 5-HT1D. Hivyo hubana mishipa ya damu ya utando wa ubongo iliyopanuka, na kuzuia neva ya uso na kichwa isimwage kemikali zinazochochea maumivu. Si dawa za maumivu kwa jumla: hazisaidii jino wala mgongo. Hata kwa kipandauso haziponyi kila mtu. Sumatriptani ya miligramu 100 huondoa maumivu kabisa ndani ya saa mbili kwa takriban watu 3 kati ya 10, na huyapunguza kwa kiasi cha kuridhisha kwa watu 6 hivi kati ya 10. Mgonjwa asiyesaidiwa na triptani moja anaweza kusaidiwa na nyingine, kwa hiyo madaktari hushauri kuijaribu katika mashambulio matatu hivi kabla ya kuibadilisha.

Wakati wa kumeza una uzito kuliko watu wanavyodhani. Kidonge hufanya kazi vizuri zaidi kikimezwa maumivu yakiwa bado mepesi, si baada ya mgonjwa kuvumilia nusu siku kwa matumaini kwamba yatapita. Kwa mwenye aura, kidonge humezwa maumivu yanapoanza. Kikimezwa wakati wa vimulimuli huwa hakizuii chochote. Kidonge cha kawaida humezwa kizima kwa maji. Viko pia vya kuyeyuka juu ya ulimi, ambavyo ni rahisi kwa mtu anayetapika, ingawa havifanyi kazi haraka zaidi, kwa sababu dawa bado hufyonzwa utumboni.

Kosa la kawaida ni kurudia kidonge ambacho hakikusaidia. Kanuni ni hii: ikiwa kidonge cha kwanza cha sumatriptani hakikuleta nafuu yoyote, cha pili hakimezwi kwa shambulio hilohilo, mgonjwa anaweza kutumia parasetamoli au ibuprofeni. Ikiwa maumivu yaliondoka kisha yakarudi, kidonge cha pili kinaruhusiwa baada ya saa 2 angalau. Dozi ya kawaida ni miligramu 50 au 100, na kiwango cha juu cha vidonge kwa saa 24 ni miligramu 200 kwa mwongozo wa Marekani na 300 kwa mwongozo wa Uingereza. Wenye ugonjwa wa ini hupewa dozi ndogo.

Kwa kuwa triptani hubana mishipa ya damu, hazifai kwa mtu aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, maumivu ya kifua yanayotokana na moyo, au kiharusi, hata kile kidogo kilichopita chenyewe. Hazifai pia kwa mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa au mishipa ya miguu iliyoziba, wala kwa aina adimu ya kipandauso inayopoozesha upande mmoja wa mwili. Hapa ndipo cheti cha daktari kinapopata maana yake. Watu wengi wenye shinikizo la damu hawajui kwamba wanalo, na kulipima kabla ya kidonge cha kwanza huchukua dakika chache tu. Mwenye umri mkubwa, anayevuta sigara au mwenye kisukari huchunguzwa zaidi.

Baada ya kumeza, baadhi ya watu huhisi uzito au kubanwa kifuani, kooni au shingoni, au mchonyoto mwilini. Mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe na haitoki kwenye moyo. Lakini mgonjwa hawezi kutofautisha mwenyewe, kwa hiyo kifua kikibana sana au kisipoachia aende hospitali, na asimeze kidonge kingine kabla ya kupimwa.

Triptani mbili tofauti hazichanganywi ndani ya saa 24. Sumatriptani, rizatriptani na zolmitriptani hazitumiwi pamoja na dawa za sonona za kundi linalozuia kimeng'enya cha MAO, wala ndani ya wiki mbili baada ya kuziacha. Mtu anayetumia propranololi hupewa rizatriptani nusu ya dozi, yaani miligramu 5, kwa sababu propranololi huongeza kiasi chake katika damu. Dawa nyingine za sonona na tramadoli zinaweza, kwa nadra, kusababisha wingi wa serotonini: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa.

Ergotamini

Ergotamini ni dawa ya zamani zaidi. Hutoka katika kuvu Claviceps purpurea, anayeota kwenye masuke ya shayiri nyekundu na nafaka nyingine za Ulaya. Katika Karne za Kati watu waliokula mkate wa nafaka hizo walipatwa na ugonjwa ulioitwa Moto wa Mtakatifu Antoni: mikono na miguu iliwaka kama moto, ikawa myeusi na kukatika. Mwaka 1918 Arthur Stoll alitenga ergotamini akiwa katika kampuni ya Sandoz mjini Basel, Uswisi, na tangu miaka ya 1920 ikatumika kwa kipandauso. Bado inapatikana katika nchi kadhaa, mara nyingi ikiwa na miligramu 1 ya ergotamini na 100 za kafeini kwa kidonge. Mwongozo wa Marekani unaweka kikomo cha vidonge 6 kwa shambulio moja na 10 kwa wiki.

Hatari yake kubwa kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki haitokani na wingi wa vidonge, bali na dawa nyingine. Ergotamini husafishwa mwilini na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A4. Dawa zinazozuia kimeng'enya hicho huiacha ijikusanye katika damu hadi mishipa ya mikono na miguu ikafunga. Miongoni mwake ni ritonaviri, iliyomo katika mchanganyiko wa dawa za VVU pamoja na lopinaviri au atazanaviri, kobisistati, antibiotiki za erithromisini na klarithromisini, na dawa za fangasi kama ketokonazoli na itrakonazoli. Kwa mtumiaji wa ritonaviri vidonge vichache tu vimewahi kuleta madhara yaliyoishia kwa kukatwa kiungo. Dozi za VVU zenye dolutegraviri bila ritonaviri hazina tatizo hili. Mgonjwa anayeficha kwamba anatumia ARV mbele ya muuza dawa anaeleweka, lakini kwa ergotamini siri hiyo ni ya hatari, na muuza dawa anapaswa kuuliza kwa faragha.

Ergotamini na triptani hazichanganywi ndani ya saa 24, na mjamzito hapewi ergotamini kabisa, maana hubana mishipa ya mji wa mimba.

Maumivu yanayoletwa na dawa zenyewe

Dawa ya kichwa ikitumiwa mara nyingi mno hugeuka kuwa chanzo cha maumivu. Mipaka inayokubaliwa kimataifa ni siku 10 au zaidi kwa mwezi kwa triptani, ergotamini, dawa za jamii ya afyuni kama kodeini, na vidonge vya mchanganyiko. Kwa parasetamoli, aspirini au ibuprofeni pekee ni siku 15 au zaidi, kwa muda unaozidi miezi mitatu. Zinahesabiwa siku, si vidonge: aliyemeza viwili kwa siku moja amehesabu siku moja.

Mzunguko wake ni mgumu kuuona ukiwa ndani yake. Kichwa kinauma asubuhi, kidonge kinatuliza, nguvu yake inaisha, kichwa kinauma tena. Vidonge vya bei nafuu vyenye parasetamoli, aspirini na kafeini kwa pamoja, vinavyouzwa hata kwenye maduka ya vyakula, vinahesabiwa kama mchanganyiko, kwa hiyo mpaka wake ni siku 10. Tiba ni kuacha dawa hiyo, kwa msaada wa daktari. Maumivu huzidi kwa siku 2 hadi 10 hivi kabla ya kupungua, na wengi hushindwa katika siku hizo kwa kutoonywa. Anayetumia kodeini au tramadoli kila siku asiache ghafla bila uangalizi. Daftari lenye tarehe za maumivu na dawa iliyomezwa humsaidia daktari kuliko kumbukumbu.

Dawa za kinga

Mgonjwa anayepata maumivu siku 4 au zaidi kwa mwezi anaweza kupewa dawa ya kumeza kila siku, hata kichwa kisipouma. Faida yake hupimwa baada ya miezi miwili au mitatu. Kuiacha wiki ya pili kwa kuwa "haifanyi kazi" ni mapema mno. Propranololi haifai kwa mwenye pumu na haiachwi ghafla. Amitriptilini humezwa usiku kwa dozi ndogo, huleta usingizi na kukausha mdomo, na ikizidishwa hudhuru moyo, hivyo ifichwe mbali na watoto. Flunarizini huongeza uzito na inaweza kuleta sonona. Topiramati hutia ganzi vidoleni, humfanya mtu asahau maneno, na huweza kusababisha mawe ya figo.

Valproati inahitaji onyo la pekee. Kati ya watoto waliokuwa tumboni mama akiitumia, takriban 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro za mwili, na 3 hadi 4 kati ya 10 huchelewa kukua kiakili. Kwa hiyo haitumiwi kukinga kipandauso kwa mjamzito, wala kwa mwanamke anayeweza kushika mimba bila njia madhubuti ya uzazi wa mpango. Topiramati nayo hudhuru mimba, na kwa dozi kubwa hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango.

Wanawake

Kipandauso huwapata wanawake mara tatu hivi kuliko wanaume, na wengi hushambuliwa karibu na siku za hedhi. Mwenye aura hashauriwi kutumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa kuwa aura na estrojeni kwa pamoja huongeza hatari ya kiharusi. Vidonge vyenye projestini pekee, kipandikizi na kitanzi vinaruhusiwa. Swali la aura halina budi kuulizwa kliniki, na lisipoulizwa mwanamke alitaje mwenyewe. Wakati wa ujauzito dawa ya kwanza ni parasetamoli. Ibuprofeni huepukwa, hasa baada ya wiki ya 20. Miongoni mwa triptani, sumatriptani ndiyo iliyochunguzwa zaidi kwa wajawazito, na daktari anaweza kuiruhusu.

Ununuzi

Katika miji mingi ya Tanzania na Kenya vidonge hukatwa kutoka kwenye karatasi yake na kuuzwa viwili viwili. Mnunuzi hubaki na kipande kisicho na jina la dawa, nguvu yake wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Ni afadhali kuomba kuonyeshwa karatasi nzima na kuandika mambo hayo matatu kwenye bahasha ya dawa. Usajili wa dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) nchini Tanzania, na Bodi ya Famasia na Sumu nchini Kenya. Kidonge cha kipandauso cha jirani au ndugu kisichukuliwe hata kama maumivu yanafanana, kwa sababu aliyepimwa moyo na shinikizo la damu ni yeye.