Fidla Yaongoza, Okestra Yaitikia

Konseto ni utungo ambamo ala moja huongoza, nayo okestra nzima huitikia. Kwa wakazi wa Oltepesi, Kaunti ya Kajiado, mtindo huo si mgeni: katika nyimbo za Wamaasai, olaranyani huanzisha, wenzake wakapokea kwa sauti nzito za kooni.

Mwanamuziki Mmarekani mweusi, Wynton Marsalis, alimtungia Nicola Benedetti wa Scotland konseto ya fidla, iliyopigwa mara ya kwanza jijini London mwaka wa 2015. Benedetti aliirekodi pamoja na Okestra ya Philadelphia; rekodi ikatoka mwaka wa 2019 na kumpa tuzo ya Grammy mwaka wa 2020. Imejaa jazi na bluzi, muziki wa wazao wa Waafrika waliouzwa utumwani. Huko kama hapa, kiongozi asiyeitikiwa hana wimbo.