Nani Amlipie Mwanafunzi Maskini Safari ya Ng'ambo?

Shule ikiandaa safari ya nje ya nchi, mchujo wa kwanza haufanywi na mwalimu. Hufanywa na mtoto mwenyewe, siku barua ya wazazi inapogawiwa darasani. Chini ya barua pana kipande cha kukata: mzazi atie sahihi, aseme atalipa lini. Mtoto anayejua kuwa mama yake bado anadaiwa kodi ya chumba huikunja barua ile mara nne, akaisokomeza katikati ya daftari, na nyumbani haitaji neno. Vipande vikisharudishwa, mwalimu huhesabu na kuona kuwa wengine hawakuvutiwa na safari. Hakuna aliyewakataza, na bado wamekosa. Ndiyo maana, ninapozilinganisha njia ambazo jamii mbalimbali zimetumia kuwasafirisha wanafunzi wasio na uwezo, swali langu ni moja: njia hii inamsaidiaje mtoto aliyeificha barua?

Kwetu Afrika Mashariki mfano unaotajwa kwanza ni ndege za mwanasiasa wa Kenya, Tom Mboya. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliruka kutoka Nairobi kwenda New York. Vyuo vya Marekani vilikuwa vimekubali kuwapokea na kuwapunguzia au kuwasamehe ada. Kilichopungua ni nauli. Watu mashuhuri kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakaweka majina yao kwenye barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Huku nyumbani zikaandaliwa hafla za chai na dansi za kuchangisha fedha za matumizi. Wangari Maathai aliondoka mwaka huo wa 1960, akaenda chuo cha watawa mjini Atchison, Kansas. Hadi 1963 wanafunzi waliosafiri kwa njia hiyo walikaribia 800.

Naiheshimu sana kazi ile, na sioni aibu kusema kwamba bila michango hiyo nchi zetu zingeanza uhuru zikiwa na wasomi wachache zaidi. Lakini mchango una tabia yake: huitikia jina. Watu hutoa kwa ajili ya kijana wanayemjua, aliyefaulu, ambaye nafasi yake tayari imepatikana. Kijiji kitachangia shahada, kitachangia upasuaji. Kuchangia watoto arobaini wa Kidato cha Pili waende wiki mbili kuona nchi ya watu, hilo ni gumu kulielezea mbele ya wazee. Na aliyeificha barua hana kamati ya kumchangishia, kwa kuwa hakuna anayejua kuwa alitaka kwenda.

Wakfu ulifuata mwendo wa kinyume. Pale Al-Azhar, Cairo, wanafunzi wa kigeni walikaa katika riwaki zao, yaani makazi ya kila jamii: Wamaghribi, Washami, Waturuki, na Wajabarti waliotoka Pembe ya Afrika. Mapato ya mali zilizowekwa wakfu ndiyo yaliyonunua mikate waliyogawiwa. Jambo ninalolipenda hapo ni mpangilio wa wakati: fedha ilikuwapo kabla mwanafunzi hajajulikana. Aliyeweka nyumba au shamba lake wakfu hakuwa akimfikiria fulani bin fulani; alimfikiria yeyote atakayefika. Mgeni hakulazimika kusimulia umaskini wake ili apate mkate, kwa maana mkate ulikuwa wa riwaki nzima. Watu wa mwambao wanaujua utaratibu huu vizuri, kwani mashamba ya minazi na nyumba za mji zimewekwa wakfu kwa misikiti na madrasa vizazi na vizazi. Sijui kwa nini tunaposema shule za serikali mawazo hayo huishia mlangoni.

Japani ina njia ya tatu. Mwaka 1886 wanafunzi wa chuo cha ualimu cha Tokyo walitembea kwa miguu hadi Chiba, na matembezi hayo huhesabiwa kuwa chanzo cha safari ya masomo ambayo leo karibu kila mwanafunzi wa Japani huifanya kabla ya kumaliza shule. Baadhi ya shule za sekondari ya juu siku hizi huenda hadi Taiwan au Australia. Wazazi huweka akiba kidogo kidogo kupitia shule muda mrefu kabla ya safari. Katika shule za msingi na sekondari ya chini, familia zisizojiweza hulipiwa na manispaa, chini ya msaada uleule unaogharamia vifaa vya shule. Safari ni ya darasa zima, kama ulivyo mtihani. Anayelipiwa na anayejilipia hupanda treni moja, na mwenzao wa kiti cha pembeni hana namna ya kuwatofautisha.

Ulaya imegawanyika. Uingereza ilipotoka katika Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kusafirisha wanafunzi, ilianzisha Mpango wa Turing, ambao umekuwa ukipeleka wanafunzi nje tangu mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2021. Mambo mawili mazuri yamo humo. Kwanza, kwa wanafunzi wa familia duni mpango hulipia hata pasipoti, viza na bima. Na aliyewahi kuandaa safari anajua kwamba vitu hivyo vidogo ndivyo hukwamisha mtoto hata tiketi ikiwa imepatikana. Pili, kwa kuwatambua wahitaji shule hutumia orodha iliyo nayo tayari, kama ya wanaopata chakula cha bure, na mtoto hatakiwi kunyoosha mkono. Udhaifu wake ni kwamba fedha huombwa upya kila mwaka. Chini ya Erasmus+, shule iliyokwisha kuidhinishwa hupata fedha miaka kadhaa bila kurudia ushindani mzima, ndiyo maana mwalimu anaweza kumwambia mtoto wa kidato cha chini kwamba zamu yake itafika.

Ufaransa na Ujerumani, zilizounda ofisi yao ya pamoja ya vijana mwaka 1963, zilizoesha shule kubadilishana wanafunzi: wako alale kwangu, wangu alale kwako. Ni nafuu, na huleta urafiki wa kweli. Lakini mtoto anayelala chumba kimoja na ndugu zake wawili atamlaza wapi mgeni? Naye huificha barua, safari hii kwa sababu ya kitanda. Mipaka nayo ina neno lake. Tangu mwisho wa 2023 makundi ya shule za Ufaransa huingia Uingereza kwa fomu moja ya kundi, hivyo mtoto wa Marseille mwenye pasipoti ya Komoro hahitaji tena viza ya peke yake ili aende na wenzake. Mabadiliko ya karatasi moja, na mtoto amerudishwa darasani kwake.

Sisi tuna mfano wetu, ingawa hatuuiti hivyo. Kila mwaka michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, FEASSSA, huvusha mipaka mabasi ya wanafunzi: Huye, Rwanda, mwaka 2023, Uganda 2024, Kakamega, Kenya, 2025. Humo wamo watoto wa wakulima na wa mama lishe ambao wasingefika huko kwa kuandikiwa barua. Wanakwenda kwa sababu mchezaji huchaguliwa kwanza, kisha shule ndiyo huhangaika kutafuta fedha. Hakuna kocha anayeanza kwa kumuuliza mshambuliaji wake kama baba ana nauli.

Mpangilio huo ndio ningetaka uhamie kwa darasa la jiografia na la historia. Mkuu wa shule mjini Tanga anayetaka kuwapeleka wanafunzi Mombasa asianze na barua ya wazazi. Aanze na vyeti vya kuzaliwa, Kidato cha Kwanza, maana bila cheti hakuna hati ya kusafiria, na pasipoti ya Tanzania ni Sh 150,000, fedha ambayo familia nyingi haziwezi kuitoa kwa mkupuo. Darasa zima liwekewe akiba ndogo ya kila muhula, na pengo la wasioweza lizibwe na wakfu wa wahitimu bila majina kutajwa. Katika suala la kitanda tumewapita Wafaransa na Wajerumani, kwani shule zetu nyingi zina mabweni, na likizo ikifika huwa matupu. Shule mbili zikikubaliana kupokezana mabweni mwaka huu na mwaka ujao, gharama ya malazi inaondoka kabisa; inabaki ya basi, chakula na hati, na shule ina miaka mitatu ya kuikusanya kabla darasa lile halijafika Kidato cha Nne.