Kutoka Ziwa Kisale hadi Leuven

Sanga ni mahali kando ya ziwa Kisale, katika jimbo la Haut-Lomami ambalo makao yake makuu ni Kamina, na wataalamu wa mambo ya kale walioko mbali wanalijua jina hilo kuliko wengi wa wenyeji wa Kongo. Kwani mnamo mwaka 1957 Jacques Nenquin, msomi wa Kibelgiji, alikuja kufukua makaburi ya huko, na mwaka uliofuata akaja Jean Hiernaux pamoja na wenzake kuiendeleza kazi ile, wakatoa ardhini vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi wa ajabu, zana za chuma, mapambo ya shaba, na misalaba midogo ya shaba ambayo hatimaye ilitumika kama fedha. Makaburi mengine yamekwisha pata miaka elfu. Kitabu cha Nenquin kilitoka mwaka 1963, walakini hakikuchapishwa Kamina wala Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, bali Tervuren, katika viunga vya Brussels. Hata kijana wa nchi hiyo aliyetamani kusoma taarikhi ya wazee wake ilimlazimu aitafute katika nchi ya waliomtawala.

Nimetanguliza habari hii kwa sababu yeyote atakayeandika juu ya mwanafunzi wa Kongo na siku zake za kwanza katika miji mikubwa ya Ubelgiji aghalabu huanza na baridi, na theluji, na ukungu wa asubuhi, kana kwamba shida yake kubwa ilikuwa kukosa koti. Mimi naona shida ilikuwa nyingine: mji ule ulikuwa umekwisha mjua, au ulidhani umekwisha mjua, kabla yeye hajautia machoni.

Aliyetangulia katika safari hizi hakutoka Katanga, iliko Sanga, bali upande wa bahari ya magharibi. Paul Panda Farnana alizaliwa mwaka 1888 karibu na Banana, akapelekwa Ubelgiji mwaka 1900 angali mtoto, akalelewa Brussels na jamaa wa afisa mmoja aitwaye Derscheid, akasoma Ixelles, kisha akajifunza elimu ya kilimo huko Vilvoorde. Vita vya 1914 vilipozuka alichukua silaha kuitetea Namur, akatekwa na Wajerumani. Na alipofunguliwa akaanzisha mwaka 1919 chama cha Union Congolaise, na miaka miwili baadaye akaketi pamoja na W. E. B. Du Bois katika mkutano wa Waafrika uliofanyika Brussels. Hapana shaka kwamba wakubwa wa serikali walijifunza kwake jambo ambalo hawakulipenda, nalo ni kwamba mtoto wa Kongo akiisha kusoma Ulaya hurudi na ulimi. Ama upande wetu wa Kiswahili, Stefano Kaoze wa Mpala, ambaye mwaka 1917 alipata daraja ya upadri huko Baudouinville, alizuru Ulaya mwaka 1920 akifuatana na askofu wake. Lakini huyo alikwenda akiwa padri mgeni, si mwanafunzi wa kupanga chumba na kuhesabu senti.

Baada ya hao mlango ulisindikwa kwa muda wa kizazi kizima. Shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari, nazo zilitoa makarani, mafundi na walimu. Mwenye kiu ya elimu ya juu alikuwa na seminari peke yake. Jason Sendwe, Muluba wa Kabongo ambaye baadaye aliongoza chama cha Balubakat, alikuwa na akili ya kumtosha kuwa daktari, walakini daraja ya juu aliyoweza kuifikia Mkongo katika kazi ile ilikuwa ya tabibu msaidizi, na hiyo ndiyo aliyopewa. Mwaka 1948 ikaanzishwa kadi ya kuwatambua wananchi wenye mwenendo mwema. Na mwaka 1952 likatoka agizo la kuwaandikisha waliohesabiwa kuwa wamestaarabika, ambao kabla ya kukubaliwa walikaguliwa hata ndani ya nyumba zao. Katika mwaka huo huo Mkongo mmoja kijana, Thomas Kanza, alikwenda Chuo Kikuu cha Leuven, akamaliza masomo yake mwaka 1956. Chuo cha Lovanium kilikuwa kimefunguliwa karibu na Leopoldville mwaka 1954, na kile cha serikali cha Elisabethville kikafunguliwa mwaka 1956.

Na njia yenyewe tuitazame. Kamina ni mji wa reli. Tangu mwaka 1928, mfalme Albert alipokuja kuizindua reli ya kutoka Bukama, msafiri aliweza kupanda gari la moshi hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, akashuka akaingia merikebu ya mtoni, akafuata maji ya Kasai na ya Kongo hadi Leopoldville, akapanda gari la moshi tena hadi Matadi, na pale akaikuta meli ya Antwerp, ambayo ilikuwa baharini muda wa majuma mawili na zaidi. Baadaye ndege za Sabena ziliifupisha safari hiyo ikawa kama ya siku moja. Lakini tusidhani kwamba kuwapo kwa njia ni kupata ruhusa ya kuipita. Shaba ya Katanga ilifika Ulaya kila mwaka pasipo kuulizwa habari za mwenendo wake. Na pale Kamina penyewe, katika kambi kubwa ya jeshi iliyoanza kujengwa mwaka 1949, marubani vijana wa Kibelgiji waliletwa kutoka kwao kujifunza kuruka angani, wakipita juu ya vichwa vya watoto ambao hawakuwa na ruhusa ya kwenda kujifunza hata hesabu katika nchi ya marubani wale.

Aliyejaliwa kufika alishuka Antwerp, akapita katika stesheni ambayo kuba yake ni kama ya kanisa kuu, akashika njia ya Brussels au ya Leuven, na tangu siku ya kwanza macho yake yakaona mambo ambayo hakuna padri aliyemsimulia darasani. Alimwona Mzungu akifagia barabara. Alimwona mwanamke wa Kizungu amepiga magoti mbele ya nyumba, ndoo ubavuni, mikono imewiva kwa baridi, akisugua jiwe la kizingiti hadi ling'ae. Na alimwona mwingine aliyechafuka kwa makaa ya mawe tangu utosi hadi kucha, akibeba gunia mgongoni na kumwomba yeye, Mwafrika, ampishe. Muuza duka alimwita Bwana, ilhali nyumbani karani kijana wa Kibelgiji alimsemesha baba yake kama asemeshavyo mtoto. Kifaransa alichokipata kwa viboko kikamfaa ndani ya chuo, lakini huko Leuven akitoka kwenda kununua mkate akakuta watu wa mtaani wanasema Kiflamandi. Akatambua kwamba Wabelgiji nao ni makabila, na tena wanateta juu ya lugha, ugomvi ambao mwaka 1968 ulikipasua chuo kile kikawa vyuo viwili. Elimu hiyo ya juma la kwanza haikuwa na mtihani wala shahada, na nadhani ndiyo iliyoogopwa kuliko elimu ya vitabuni. Maana mtu aliyekwisha kumwona Mzungu akichukua mizigo hawezi tena kurudishwa katika imani kwamba kuna watu walioumbwa kuamuru.

Lakini mji nao ulikuwa na ujuzi wake. Mwaka 1897 watu 267 wa Kongo waliletwa Tervuren wawekwe katika vijiji vya maonyesho kando ya bwawa, watazamwe kama watazamwavyo wanyama wa bustanini; saba wakafa, wamezikwa kando ya kanisa la huko. Jumba la makumbusho likasimama mahali pale, na watoto wa shule wa Ubelgiji wakapelekwa humo kizazi baada ya kizazi. Maonyesho ya dunia ya Brussels ya mwaka 1958 yalikuwa na kijiji cha Wakongo ndani ya uzio, na watazamaji wengine wakawarushia ndizi, hata wenyewe wakaona ni afadhali kurudi kwao kabla maonyesho hayajafungwa. Mwanafunzi aliyekaa siku hizo katika chumba cha kupanga, na jirani yake ametoka jana kutazama kile kijiji, alitakiwa asome sheria au falsafa na wakati huo huo athibitishe kwamba yeye ni mtu. Huo ni mzigo ambao mwanafunzi wa Kibelgiji hakuujua, nao haukuandikwa katika ripoti ya mwalimu yeyote.

Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu, ukiwaacha mapadri, hawakufika 20 au walizidi kidogo tu. Mwezi Septemba Mobutu akawaita vijana waliosoma, wengine wakiwa bado wanafunzi, akawafanya makamishna wa serikali chini ya Justin Bomboko, aliyesoma Brussels. Wakatawala hadi Februari 1961, na kuna waliorudi darasani baada ya kuiongoza wizara. Watu wamewacheka sana vijana wale. Mimi siwacheki, anayestahili kuulizwa ni yule aliyezuia njia miaka arobaini kisha akashangaa kwamba wasafiri ni wachache. Na kwa Waluba wa kaskazini ya Katanga mwaka ule ulikuwa mchungu zaidi, kwa kuwa Katanga ilijitenga 11 Julai, vijiji vikaungua katika vita vya Balubakat na askari wa Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, na aliyekuwa Ulaya hakujua kama ile anwani aliyokuwa akiiandika juu ya bahasha ingali na watu.

Bahasha hizo ndizo zinazonishughulisha. Makaburi ya Sanga yamepata wenye kuyafukua na kuyaandika, lakini barua za wanafunzi wa kwanza, ambazo ni za juzi tu, zimekaa katika masanduku ya bati huko Kamina, Bukama na Kabongo zikingoja mchwa. Nawasihi wenye nazo wazitoe, wazisome mbele ya watoto wao, kisha wapeleke nakala Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambako taarikhi inafundishwa, wangali hai wanaoweza kutufahamisha majina yaliyomo.