Dawn of War III

Dawn of War III ni mchezo wa kompyuta wa mkakati wa papo kwa papo, uliotengenezwa na studio ya Relic Entertainment ya Vancouver, Kanada, na kutolewa na Sega Aprili 2017. Umejengwa juu ya ulimwengu wa kubuni wa Warhammer 40,000.

Wahakiki wengi waliupokea vizuri. Mashabiki wa zamani waligawanyika. Toleo la kwanza la mfululizo huu (2004) lilipendwa kwa kambi na majeshi makubwa, la pili (2009) kwa vikosi vidogo vinavyojificha nyuma ya kuta. La tatu lilitaka yote mawili, likaongeza mashujaa wenye nguvu za pekee.

Lawama kubwa ziliangukia mapambano ya wachezaji wengi. Ili kushinda, ilibidi kubomoa jenereta, kisha mnara, hatimaye kiini cha nishati cha adui: mpangilio wa mchezo wa Dota, walinung'unika wengi, na hawakukosea. Hata Gabriel Angelos, mmoja wa mashujaa hao, alichekwa, maana alipiga sarakasi hewani akiwa ndani ya deraya nzito.

Relic iliongeza baadaye namna ya kucheza ya kuangamiza kambi nzima. Februari 2018 ilitangaza kusitisha nyongeza kubwa.