Babu na Mvua ya Kongwa

Juma lililopita hamkunisikia hewani. Nilikuwa Kongwa, mkoani Dodoma, kumzika babu yangu mzaa baba. Umri wake tulikadiria kuwa miaka tisini na kitu. Mwenyewe alikuwa akisema tu kwamba Waingereza walipoleta matrekta alikuwa kijana ambaye hajaoa.

Matrekta hayo ndiyo yaliyomsomesha, maana darasani hakukaa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Novemba 1946 serikali ya Clement Attlee ikaidhinisha mpango wa kulima karanga, sehemu kubwa hapa Tanganyika, katika ekari zaidi ya milioni 3. Kongwa ikawa ya kwanza. Babu akaandikwa kibarua wa kung'oa visiki. Alitusimulia jinsi mibuyu na vichaka vilivyovunja mashine, nyingine zikiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Mvua ilipokata, udongo ule mwekundu ukakauka kama tofali na karanga zikanasa chini. Januari 1951 mradi ukavunjwa. Pauni zipatazo milioni 36 zilikwisha potea.

Na pembeni pale walikuwapo Wagogo, wakulima wa mtama na uwele, walioijua mvua ile tangu utoto. "Hakuna aliyetuuliza," Babu alikuwa akisema. Tangu hapo hakumwamini mtu kwa cheo chake, awe bwana shamba, mchungaji, mganga, au mimi wa redioni. Akisikia kipindi changu alipiga simu: "Mjukuu wangu, huyo uliyemhoji amejuaje?" Mara nyingi sikuwa na jibu.

Upole wake niliujua kwa pipi na hadithi, kama wajukuu wote. Habari yenyewe niliipata msibani. Mzee mmoja jirani alisimama akasema kwamba katika ukame wa 1974, nchi ilipokuwa ikiagiza nafaka kutoka nje, baadhi ya watu pale walimnyooshea kidole mama yake, mjane, kwamba amefunga mvua. Babu alikwenda usiku na punda, akamhamishia katika nyumba yetu ya tembe pamoja na watoto wake. Asubuhi vijana walikuja na marungu. Babu akawakaribisha uji, mwembamba bila shaka, kisha akawauliza: "Mvua ya karanga za Wazungu alifunga nani? Baba zenu walikuwapo. Mama huyu alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni."

Wakanywa uji, wakaondoka. Wawili kati yao hawakumsalimu Babu kwa miaka mingi. Mama yule alikaa kwetu misimu miwili, naye aliyekuwa akitusimulia ni mwanawe wa kwanza.

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimetembea na kinasa sauti. Nimewahoji mawaziri, wachezaji mpira, hata mtu aliyefuga mamba. Babu sikumhoji hata siku moja. Nilimwona kama mbuyu, yupo tu.

Kabla ya kupanda basi nilimwomba yule mzee anisimulie upya, taratibu, nirekodi. Alikubali. Lakini kwanza akaniuliza sauti yake nitaipeleka wapi, na nani ataisikiliza.