Nani Abebe Hasara? Historia ya Kadi ya Benki na Mwizi Wake

Mwaka 1980, mwanamke mmoja wa jiji la New York alifika mahakamani akiidai benki yake dola 800. Fedha hizo zilikuwa zimetolewa katika akaunti yake kwa mashine, kwa kadi na namba ya siri. Benki ilileta karatasi zilizochapwa na kompyuta: kadi ilitumika, namba sahihi ilibonyezwa, basi mtoaji hakuwa mwingine ila mwenye kadi. Mwanamke naye alileta barua ya mwajiri wake iliyothibitisha kwamba saa zile alikuwa kazini. Mahakama ikapima maneno ya mtu na karatasi za mashine, ikamwamini mtu. Benki ikaamriwa kulipa.

Miaka 12 baadaye, askari polisi mmoja wa Uingereza aliona katika akaunti yake fedha zilizotolewa mara kadhaa pasipo yeye kujua. Akalalamika kwa taasisi aliyoweka akiba yake. Taasisi ikajibu kwamba mfumo wake haukosei, na kwa hiyo mlalamikaji ni mwongo. Askari yule akashitakiwa kwa kujaribu kujipatia fedha kwa udanganyifu, na mwaka 1994 akatiwa hatiani.

Ndugu msomaji, watu hawa wawili walipatwa na jambo moja. Mmoja alirudishiwa fedha zake, mwingine akageuzwa mhalifu. Tunapozungumzia wizi wa kadi, kwa kawaida tunasimulia habari za mwizi na kufuli. Leo ningependa tuifuate historia hii kwa swali jingine, ambalo ni la kiraia zaidi: fedha zikiibwa, nani hubeba hasara? Jibu la swali hilo ndilo lililoamua, kila mahali, kufuli litakuwa imara kiasi gani.

Kadi zilizotumwa bila kuombwa

Mwaka 1950, Frank McNamara na wenzake walianzisha Diners Club jijini New York. Mwanachama alionyesha kadi ya karatasi ngumu mkahawani, akala, kisha akalipa deni lake mwisho wa mwezi. Jambo kubwa zaidi lilitokea Septemba 1958, pale Bank of America ilipowatumia wakazi wapatao 60,000 wa mji wa Fresno, California, kadi ambazo hawakuziomba. Kadi hiyo iliitwa BankAmericard, na mwaka 1976 ikapewa jina ambalo sote tunalijua, Visa.

Benki ilikuwa na sababu yake. Mwenye duka hakubali kadi isiyo na wateja, na mteja hataki kadi isiyokubaliwa madukani. Ili kukata fundo hilo, benki iliona heri kuzimwaga kadi mjini kwa siku moja. Benki nyingine zikaiga. Mwaka 1966, benki za Chicago zilituma mamilioni ya kadi kwa posta. Baadhi ya familia zilipokea kadi kadhaa, na nyingine zikaandikwa majina ya watoto wadogo na ya marehemu. Wezi hawakuhitaji ujuzi wowote. Walichukua bahasha tu. Ankara zikawafikia watu ambao hawakuwahi hata kuiona kadi iliyotumiwa kwa majina yao.

Malalamiko hayo yalifika bungeni. Mwaka 1970, Bunge la Marekani lilipiga marufuku kutuma kadi za mkopo zisizoombwa, na likaweka kikomo: kadi ikiibwa na kutumiwa na mwizi, mwenye kadi hatadaiwa zaidi ya dola 50. Mwaka 1974, sheria nyingine ikampa mteja haki ya kupinga ankara yenye kosa. Mwaka 1978 ukafika wamu wa kadi zinazochota fedha moja kwa moja katika akaunti. Hapo sheria iliweka ngazi: anayetoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi baada ya kugundua kwamba kadi imepotea hubeba hasara isiyozidi dola 50, anayechelewa huweza kubeba hadi dola 500, na anayekaa zaidi ya siku 60 tangu atumiwe taarifa ya akaunti bila kusema neno, huenda akapoteza zote zinazoibwa baada ya hapo.

Tuzingatie mambo mawili katika sheria hizo. Kwanza, sehemu kubwa ya hasara ilihamishiwa kwa benki, nazo benki zikapata sababu ya kulinda. Pili, mwananchi hakuachwa bila wajibu. Wajibu wake ulikuwa kusoma taarifa ya akaunti yake na kupaza sauti mapema.

Utepe na tarakimu nne

Katika miaka ya 1960, mhandisi wa kampuni ya IBM, Forrest Parry, alihangaika kubandika kipande cha utepe wa sumaku kwenye kadi ya plastiki. Kila gundi ilimshinda. Inasimuliwa kwamba mkewe, aliyekuwa akipiga pasi nguo, alimshauri autumie moto wa pasi, na utepe ukashika. Utepe huo mweusi ulikuwa na udhaifu mmoja ambao haukutibika: kilichoandikwa ndani yake hakibadiliki. Kama vile kaseti ya muziki ilivyonakiliwa, ndivyo kadi nayo ilivyoweza kunakiliwa. Mwizi alihitaji kifaa kidogo cha kusomea utepe, alichokificha kwenye mdomo wa mashine ya kutolea fedha, na kamera ndogo ya kutazama vidole vya mteja.

Namba ya siri nayo ina historia yake. Mskoti James Goodfellow alisajili hataza ya mfumo wa kadi na namba ya siri mwaka 1966. Tarehe 27 Juni 1967, benki ya Barclays ilizindua mashine ya kutolea fedha katika kitongoji cha Enfield, London. John Shepherd-Barron, aliyeongoza utengenezaji wake, alifikiria kwanza tarakimu sita, lakini mkewe akamwambia kwamba yeye angeweza kukumbuka nne tu. Ndiyo maana hadi leo kadi nyingi hulindwa na tarakimu nne. Kwa hesabu ya kawaida, tarakimu nne hutoa namba 10,000. Anayechagua mwaka wake wa kuzaliwa huzipunguza namba hizo mwenyewe mpaka zikabaki kadiri ya mia moja, na mwizi anayemfahamu hahitaji hata mia.

Mashine dhidi ya mtu

Sasa turudi kwa yule askari wa Uingereza. Mwaka 1993, Ross Anderson, mtaalamu wa usalama wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alichapisha uchunguzi wake kuhusu wizi wa mashine za fedha. Alionyesha kwamba wezi hawakuwa wakivunja hesabu ngumu za siri ambazo benki zilijivunia. Fedha ziliibwa kwa njia za kawaida: mfanyakazi wa ndani asiye mwaminifu, kadi na namba zilizochukuliwa katika posta, taratibu zilizopuuzwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Alieleza pia kwamba pale ambapo benki iliweza kumtupia mteja hasara, haikuwa na haraka ya kuziba matundu yake, kwa kuwa kila mlalamikaji alihesabiwa mwongo.

Rufaa ya askari yule iliposikilizwa, upande wake uliomba wataalamu waruhusiwe kuukagua mfumo wa kompyuta uliotoa ushahidi dhidi yake. Taasisi ile ikakataa. Mahakama ikaona kwamba ushahidi wa mashine isiyokubali kukaguliwa hauwezi kumfunga mtu, na mwaka 1996 hukumu ikatenguliwa. Ilimchukua miaka minne kulisafisha jina lake.

Chipu, na mahali mwizi alikohamia

Mfaransa Roland Moreno alisajili wazo la kadi yenye kumbukumbu ya kielektroniki mwaka 1974. Ufaransa ikaitumia teknolojia hiyo kabla ya wengine, na kufikia mwisho wa mwaka 1992 kadi za benki nchini humo zilikuwa na chipu. Chipu ni kompyuta ndogo. Kwa kila muamala huweza kutoa jibu jipya, hivyo kunakili jibu la jana hakumsaidii mwizi leo. Uingereza ilifuata, na tangu tarehe 14 Februari 2006 mteja mwenye kadi ya chipu alitakiwa kubonyeza namba ya siri dukani badala ya kutia saini.

Je, wizi ulikwisha? La. Ulihama. Wezi wakaelekea kwenye ununuzi wa simu na wa intaneti, ambako kadi yenyewe haihitajiki. Namba zilizochapwa juu yake zinatosha. Wengine walizipeleka nakala za utepe katika nchi ambazo bado zilisoma utepe, na Marekani ilikuwa mojawapo. Mwishoni mwa mwaka 2013, wezi waliiba namba za kadi zipatazo milioni 40 kutoka kwa maduka ya Target. Waliingia katika mtandao wa kampuni hiyo kwa kutumia nywila za mkandarasi wake wa mitambo ya majokofu. Oktoba 2015 kanuni mpya za makampuni ya kadi zilianza kutumika huko: kati ya benki na mwenye duka, yule asiyekuwa tayari kwa chipu ndiye abebe hasara ya kadi ya kughushi. Kwa mara nyingine, kufuli lilibadilishwa pale hasara ilipopewa mwenyewe.

Huku kwetu Afrika Mashariki

Benki za ukanda wetu zilihamia kwenye chipu katika miaka ya 2010. Lakini kabla ya hapo, jambo kubwa zaidi lilikuwa limekwisha kutokea. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na Mobile Money ya MTN ikaanza Uganda mwaka 2009. Leo akaunti ya benki, kadi na laini ya simu vimefungwa pamoja. Benki hutuma msimbo wa kuthibitisha malipo ya kadi kwenye simu, kwa hiyo mwizi huifuata simu. Hujifanya mwenye laini, akaomba laini mpya yenye namba yako kwa nyaraka za uongo au kwa msaada wa mtu wa ndani. Au hukupigia akijiita mfanyakazi wa benki na kukuomba umsomee msimbo uliokufikia sasa hivi. Chipu imeushinda utepe, na kilichobaki laini ni ulimi wetu.

Nchi zetu zimetunga sheria za kumwadhibu mwizi: Uganda mwaka 2011, Tanzania mwaka 2015, Kenya na Rwanda mwaka 2018. Hizo ni sheria za jinai. Swali la hasara ni jingine, nalo linaguswa na kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Benki Kuu ya Uganda ilitoa mwongozo wake mwaka 2011, na Benki Kuu ya Tanzania ikawa na kanuni zake mwaka 2019. Kwa mujibu wake, mteja hupeleka malalamiko kwanza kwa taasisi inayomhudumia, na asiporidhika huyafikisha Benki Kuu. Haki hii ipo, lakini haki isiyojulikana na mwenyewe haimfai kitu.

Historia inatufundisha kufanya nini?

Kutoka Enfield tujifunze kuchagua namba ya siri isiyohusiana na mwaka wa kuzaliwa wala namba ya simu, tusiiandike popote karibu na kadi, na tufunike vidole kwa mkono wa pili tunapobonyeza. Kutoka Chicago tujifunze kuulizia kadi inayochelewa kutufikia, na kukagua kama bahasha imefunguliwa. Kutokana na utepe, tutikise kidogo mdomo wa mashine kabla ya kuingiza kadi, tusikubali kadi ichukuliwe mahali tusipoiona, na tusiombe msaada kwa mgeni aliyesimama nyuma yetu.

Kwa ununuzi wa intaneti, tutumie akaunti ndogo iliyotengwa, yenye kiasi ambacho kikipotea hakitalaza watoto na njaa. Tuiombe benki ishushe kikomo cha kutoa fedha kwa siku na kutuma ujumbe kwa kila muamala. Simu ikipoteza mtandao ghafla wakati majirani wanao, tuwahi kwa kampuni ya simu na benki. Na asiwepo mtu wa kuambiwa msimbo wala namba ya siri, hata akilitaja jina lako kamili.

Somo kubwa zaidi, hata hivyo, ni la yule mwanamke wa New York. Kilichomwokoa ni karatasi moja ya mwajiri. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tusome taarifa ya akaunti kila mwezi. Tukiona muamala tusioujua, tupige simu saa ile ile kadi ifungwe, kisha tuandike barua, tuombe namba ya malalamiko, tuhifadhi nakala, na tuweke ushahidi wa mahali tulipokuwa: sahihi ya mahudhurio kazini, tiketi ya basi, risiti.

Mshahara wa mwalimu, au mauzo ya kahawa ya mkulima, unaweza kuondoka kwa dakika moja. Siku hiyo mashine itakuwa na karatasi zake. Nasi tufike tukiwa na zetu.